Bado Inadai Programu Nyingine

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya wajina wako, ambaye amepanda kiti nyuma yangu na anasisitiza nikuandikie kwamba jino lake la mbele linatikisika. Mdogo wake naye angekuamkia kama angejua, lakini kwa sasa anajua kung'ata tu. Meno ya juu yanamtoka, na chochote kinachopita karibu na mdomo wake amekihalalisha, vidole vyangu vikiwemo. Hali yako je? Na mguu? Wifi aliniambia uvimbe umepungua tangu ukubali kuuweka juu ya kiti jioni. Nilifurahi, maana kukukalisha wewe mahali pamoja ni sawa na kumkalisha kuku.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu na hali kila siku tunaongea kwa simu. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeachanisha mistari, kwa sababu unasoma kwa kufuata kidole na sitaki kidole chako kipotee njia. Naomba uisome mwenyewe, Mama. Usimpe wifi akusomee, wala jirani. Ukichoka weka chini, unywe maji, kisha uendelee. Ila usiishie katikati.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mimi nimepungua kidogo, magauni yananipwaya tu. Mtoto hashiki usingizi kwa ajili ya meno, na asiposhika yeye sishiki mimi. Wajina wako anakwenda shule ya awali na amekuwa msemaji wa darasa bila kuchaguliwa na mtu.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe ulipata vipande vipande kwenye simu, na vipande vingine sikukupa.

Ile Jumapili redio iliposema kwamba handaki la reli limeporomoka, kule nchi ya watu mwanao, mume wangu, anakochomelea vyuma, nilikuwa nafua. Walisema kwa sentensi moja, wakahamia mpira. Nilipiga simu yake mpaka kidole kikauma. Kesho yake nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda kwenye ofisi ya yule wakala aliyewapeleka kule yeye na wenzake. Nikakuta kufuli na karatasi iliyobandikwa, kwamba wamehama na watatoa taarifa. Mlinzi wa jengo aliniambia mimi ni mtu wa ishirini kuisoma karatasi ile, na kwamba yeye mwenyewe wanamdai maelezo kana kwamba ndiye aliyelichimba handaki. Siku kumi na moja zikapita hivyo. Unazikumbuka. Uliacha kula, na wifi alikuwa ananipigia pembeni kuniambia umerudisha sahani kama ilivyokuja.

Dukani kwetu, pale ninapochapa barua za watu na kutoa fotokopi, wenzangu walijitahidi. Mwenye duka ndiye yule ninayekusimulia kila mara, tunayemwita Madam Wino kwa sababu vidole vyake havijawahi kuwa na rangi yake ya kuzaliwa. Mdomo wake ni wembe. Lakini aliposikia habari ya handaki alinitafutia boksi kubwa la karatasi, akatandika shuka ndani, akaniambia nije na mtoto kazini, alale chini ya kaunta, na mteja atakayelalamika akachapishe kwingine.

Mwingine ni Waya, fundi wetu wa kompyuta. Yeye ndiye aliyeniona nikitafuta habari kwa simu yangu. Nchi ile ina magazeti manane, na kila gazeti ukilifungua linakuja na mapicha na matangazo yanayokula bando lote kabla hujafika kwenye habari. Waya aliniambia napoteza muda. Alisema kuna programu ya kusoma habari, unaiweka kwenye kompyuta, unaipa anwani za magazeti yote manane, nayo inakwenda kuyachungulia yenyewe kila saa na kukuletea vichwa vya habari vitupu, vyepesi, vimepangwa kwenye ukurasa mmoja. Nilimuuliza inaweza kuleta na majina ya watu. Akasema italeta chochote walichoandika.

Basi tukaiweka Jumatatu, kwenye ile kompyuta kuukuu ya pembeni ambayo Madam Wino huitumia kuwekea glasi ya chai. Tulipoibofya ifunguke, ikatoa kisanduku kwamba haiwezi kufanya kazi mpaka kwanza tusakinishe programu saidizi. Waya akasema hilo ni jambo la kawaida. Programu nyingi hazisimami kwa miguu yao, zinaegemea nyingine iliyo chini yake ambayo mtumiaji haioni. Tukaanza kuipakua hiyo saidizi. Ilikuwa nzito na mtandao wa dukani unajikokota, ikafika tisini kwa mia, umeme ukakatika, ikaanza sifuri. Jumanne ikaisha kuingia, tukashangilia, tukabofya. Ikasema toleo hili la programu saidizi linahitaji mfumo wa kompyuta usasishwe kwanza. Madam Wino akasema hii ni kama ile posa ambayo mjomba hakai mpaka shangazi aje, shangazi naye hatoki nyumbani mpaka atumiwe kanga. Kusasisha mfumo nako kukagoma kwa sababu kompyuta imejaa. Jumatano nzima nilifuta kadi za harusi za miaka minne. Wengine kati ya maharusi wale nasikia wameshaachana, kwa hiyo sidhani watazidai.

Kila jioni ulikuwa unanipigia na swali lako moja, kama imekubali. Nami nakujibu kwamba bado, inadai programu nyingine. Ukanitaka nikueleze programu saidizi ni kitu gani, nikakuambia ni kama mafiga, chungu hakikai hewani. Ukasema kwa hiyo tuiwekee mafiga yake matatu tumalize maneno, kwani imeona sisi hatuna mawe? Nilicheka, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile Jumapili.

Mpaka hapo nilikuwa nakuambia ukweli mtupu. Kuanzia Alhamisi ile, sikukuambia.

Alhamisi ile, saa ya chakula cha mchana, Madam Wino alikuwa ametoka na Waya hakuwapo. Nilikuwa peke yangu na mtoto amelala kwenye boksi lake. Mfumo ukamaliza kujisasisha na programu saidizi kujipanga, kompyuta ikajizima na kujiwasha, nikabofya ile ya habari, na ikafunguka. Haikudai kitu chochote. Niliingiza anwani za magazeti moja baada ya nyingine kama Waya alivyonielekeza. Nilipoingiza ya tano vichwa vya habari vikaanza kushuka upande wa kushoto, na cha tatu kutoka juu kilihusu handaki.

Ilikuwa kwa lugha ile tuliyofundishwa shuleni, nayo naisoma polepole, lakini naisoma. Walisema miili tisa imetolewa na kutambuliwa kwa kadi za kazi zilizokuwa mifukoni. Halafu orodha. Wa nne alikuwa mwanao, Mama. Jina lake, la baba yake, la babu yake, miaka yake thelathini na mmoja, kazi yake fundi wa kuchomelea. Mimi ni mchapaji, naishi kwa kuona makosa ya herufi. Nililitafuta kosa katika jina lile herufi kwa herufi, nikaomba liwepo hata moja. Walikuwa wameliandika sawasawa.

Simama kidogo hapa kama unahitaji. Lia, Mama. Mimi nililia chooni na mfereji wa maji nimeufungua.

Lakini endelea, kwa sababu nililokuandikia barua si hilo peke yake.

Chini ya orodha kulikuwa na tangazo. Lilisema familia zipige namba iliyoandikwa pale, au zitume mtu, ndani ya siku saba. Marehemu ambaye ndugu zake hawatajitokeza kampuni itamzika katika makaburi ya karibu na kazi. Nililisoma mara tatu. Usije ukanitetea ukasema labda lugha ilinishinda. Haikunishinda. Nilielewa kila neno.

Kisha nikasikia viatu vya Madam Wino barazani, nikaifunga. Akaniuliza kama imekubali, na mdomo wangu ukajibu kwamba bado, inadai programu nyingine. Neno lilitoka laini, Mama, kwa sababu nilikuwa nimelisema siku tatu na siku zote tatu lilikuwa kweli. Akaitukana kompyuta, akaweka glasi yake ya chai juu yake kama kawaida.

Nilikusudia kukuambia jioni ile. Naapa kwa watoto hawa. Nilifikiri nitaanza na mguu, kisha nitasema. Ukapokea simu wewe kabla sijasalimu, ukaniambia umekula. Ukaniambia umemaliza sahani mpaka ukakwangua chini, na kwamba umemwamuru wifi atoe godoro la mwanao juani na kupiga vumbi, maana moyo umekuambia yu hai na njiani. Ukasema programu ikikubali nikupigie, lakini nisianze na kelele za furaha, nianze polepole, moyo wako umezeeka usije ukapasuka kwa raha. Ukacheka. Nilikuwa na mtoto begani na simu sikioni, nimefungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba bado inadai.

Nikajiambia kesho.

Asubuhi yake niliogopa Madam Wino asiibofye mwenyewe akaikuta inafanya kazi. Basi nilifika mapema, nikaifungua kompyuta, nikaiondoa programu saidizi kwa mkono wangu. Ni jambo la kubofya mara mbili tu. Kuiingiza kulitutoa jasho siku nne, kuing'oa hakukuchukua hata muda wa kumbadilisha mtoto nepi. Nikaijaribu ile ya habari, nayo ikatoa kisanduku chake kilekile kwamba haiwezi kufunguka bila programu saidizi. Nilipumua. Nilijiona kama mtu aliyerudisha siku nyuma mpaka Jumatatu, siku ambayo hakuna aliyekuwa anajua lolote na mume wangu alikuwa bado anatafutwa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, Mama. Kila siku nilikuwa na la kukupa. Mara inadai nafasi, mara inadai mtandao wenye nguvu, mara toleo halilingani na kompyuta. Ukaanza kuiombea. Wifi aliniambia umeitia kompyuta ya dukani katika sala zako za asubuhi, ukimwomba Mungu aipe akili na moyo laini. Niliweka simu chini nikakaa sakafuni.

Siku ya saba niliamka nikijua ni ya saba. Namba ya kampuni nilikuwa nimeiandika kiganjani tangu siku ile, na kila ilipofutika kwa kufua niliiandika upya. Nilibonyeza tarakimu zote, nikabakiza moja. Nilifikiri nikipiga, mtu ataniuliza mimi ni nani wa marehemu, na nitalazimika kujibu. Akaingia mteja na kadi za mwaliko mia mbili, anazitaka kabla ya saa kumi. Nikazichapa zote. Hazikuwa na kosa hata moja.

Jumanne hii iliyopita mtoto alipata homa ya meno, nikampeleka zahanati asubuhi. Kumbe Waya alikuwa na jambo lake moyoni. Alikuwa anaona aibu, fundi mzima ameshindwa na programu ya bure, na mke wa mtu anasubiri habari za mumewe. Wakapanga na Madam Wino kunitendea wema nikiwa sipo. Alikuja na programu saidizi kwenye fleshi, akaiweka kwa dakika ishirini, na ile ya habari ikafunguka, na anwani nilizoingiza zikiwa tayari ndani, kama nilivyoziacha. Habari za siku kumi na mbili zikashuka kwa pamoja.

Nilipoingia wote wawili walikuwa wamesimama. Madam Wino alikuja akamchukua mtoto mikononi mwangu. Waya alikuwa anazungusha waya mkononi mwake, anaufungua, anauzungusha tena. Aliniuliza bila kunitazama mbona kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha programu iliingia Alhamisi ile, na ikaondolewa kwa mkono Ijumaa saa mbili kasoro asubuhi, kabla duka halijafunguliwa. Nilikuwa nasoma.

Walizikwa Ijumaa, Mama, siku moja baada ya ile ya saba. Kuna picha. Udongo mwekundu, na vijiti vyenye namba badala ya majina, mstari mmoja. Gazeti lilisema ndugu za marehemu wanne walifika wakawachukua watu wao, na mmojawapo alikuwa mama mzee aliyesafiri siku tatu kwa magari ya kuungaunga. Watano waliobaki hawakuwa na mtu. Wangekuwa wanne. Huyo wa tano alikuwa na mama, alikuwa na dada, alikuwa na watoto wawili, alikuwa na mke aliyeandika namba ya simu kiganjani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe, sijui hapo wanasemaje.

Madam Wino aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama yake mume wangu anajua. Nikatikisa kichwa. Akasema niandike leo hii, la sivyo atakupigia yeye kabla hajafunga duka, na yeye hajui kuzungusha maneno. Nimemwomba siku hizi chache. Amenipa, lakini hajanisemesha tena isipokuwa kuhusu kazi. Ni haki yake.

Jana niliipiga namba ile, tarakimu zote. Alipokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Alisema familia inaruhusiwa kuzuru wakati wowote. Kumhamisha kunahitaji kibali cha serikali ya huko, nacho hakiombwi kabla ya mwaka kuisha. Alisema begi lake la nguo litatumwa. Nimetoa anwani yako, si yangu. Nguo zile ni zako kuzifua kwanza.

Nikikuambia nilificha kwa ajili yako nitakuwa nakudanganya tena. Kwa siku ya kwanza labda ni kweli, kwa ajili ya lile godoro na ile sahani uliyoikwangua. Siku nyingine zote zilikuwa zangu. Kila nilipokuambia bado, kwa muda ule mfupi nami niliamini bado. Nilinunua siku kumi na mbili za mume aliye hai, na nilizilipia kwa maziko ya mwanao, ambayo hayakuwa yangu kuyatoa.

Jumamosi nakuja na watoto kwa basi la asubuhi. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, wifi ataipokea kituoni na kukukabidhi ikiwa imefungwa. Nitasimama nje ya mlango wako. Sitaingia mpaka uniambie niingie. Ukinifukuza nitakwenda, lakini wapokee watoto, wale chakula, walale kwako, hawana walilolifanya. Ukitaka kunitukana nitukane, nina masikio na nimeyastahili. Ila si mbele ya wajina wako. Yeye bado hajaambiwa, na nitamwambia mimi, kwa maneno yangu, siku hiyohiyo, wewe ukiwepo. Hilo, Mama, siliombi. Hilo nakuambia. Nimechelewesha msiba mmoja na sitachelewesha wa mtoto wangu.

Msamaha sikuombi humu. Karatasi haina uso wa kutazamwa.

Msalimie wifi, na umwambie asikasirike kwa kuwa sikumwambia kwanza yeye. Wasalimie majirani wote waliokuwa wanakuuliza kila siku kama programu imekubali. Waambie imekubali. Uweke mguu wako juu unaposoma, na dawa usiache hata kama hutaki kitu kingine chochote.

Kaburi lake ni la nne katika mstari, kuanzia upande wa barabara. Namba ya kampuni ni hiyo niliyoiandika nyuma ya karatasi, kwa wino, kwa tarakimu kubwa. Nimekuandikia yote ninayoyajua, ili usihitaji tena kuniuliza mimi jambo ambalo ninaweza kukuficha.

Nakuamkia tena kwa heshima zote,

Mimi, mke wa mwanao.